Rubisi Isiyoguswa na Hewa

Machi 2, Jumapili

Jibu la ukweni limefika leo mchana. Limekuja kwa simu ya Angela, shangazi yake Kemilembe, kwa sababu baba mwenyewe bado hataki sauti yangu iingie masikioni mwake. Miaka sita nimeishi na binti yake hapa Kiseke bila kupeleka kwao hata kibuyu kimoja cha pombe, na sasa binti ana mimba, ya kwanza tuliyojaliwa. Mzee Kaijage amesema hivi: atakuja Mwanza masika haya. Siku hataji. Akifika aikute rubisi, pombe ya ndizi ya kwao, ndani ya nyumba, tayari, iliyotengenezwa kwa mikono yangu mimi Msukuma, siyo ya kununua. Akiinywa, mimi ni mkwe. Akiiweka chini, anarudi na Kemilembe Kamachumu kwa meli, na mtoto atazaliwa huko na kuwa wa kwao.

Mzee ni mjanja. Anajua rubisi ni pombe ya siku mbili tatu. Baada ya hapo inachachuka mpaka meno yanakufa ganzi. Asiyejua siku ya mgeni ataiwekaje tayari?

Simu ilikuwa kwenye spika, Kemilembe akasikia yote. Ilipokatika aliniangalia kidogo kama anangoja niseme kitu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza ndizi.

Machi 4

Osward, jirani yetu wa ukuta mmoja, ni Mhaya wa Muleba na amekubali kuwa mshenga wangu. Leo amenifundisha. Ndizi za pombe zikiiva mpaka kulegea, zinamenywa na kukamuliwa kwa nyasi hadi zitoe maji. Maji yanachujwa, unatia mtama uliokaangwa na kusagwa, unafunika kwa majani ya mgomba. Kesho yake jioni ni rubisi.

"Na ikikaa mwezi?" nikamuuliza.

"Mwezi? Labda uitilie kwenye kachumbari."

"Basi nitengeneze mpya kila baada ya siku tatu."

"Kwa ndizi gani? Ndizi za pombe zinashushwa sokoni Kirumba siku zikijisikia. Wiki nyingine huzioni kabisa."

Lakini alipoeleza kwa nini inaharibika, masikio yalinisimama. Ni hewa. Pombe ikishaiva, hewa ikiigusa inapoteza harufu, inabadilika rangi, mwisho inakuwa siki. Sasa hewa na gesi ndiyo kazi yangu! Kibandani kwangu Igoma kutwa nzima natoa hewa kwenye mabomba ya majokofu ili isiue mashine. Pombe ikichacha inatoa gesi yake yenyewe. Nikiifungia kwenye chombo kisichovuja, gesi hiyo itaifukuza hewa na kukaa juu ya pombe kama blanketi. Ninayo mitungi mitatu ya chuma iliyokuwa ya soda hotelini, nina geji ya kupimia presha, nina valvu ya kuachia presha ikizidi. Nikamchorea Osward kila kitu kwenye boksi la viatu.

Akalitazama boksi, akanitazama mimi. "Nkwabi, unataka kumwoa binti au kumlipua baba yake?"

Machi 9, Jumapili

Ndizi zimepatikana. Nimekamua kuanzia asubuhi mpaka mikono ikawa kama siyo yangu. Kemilembe alikaa kwenye kigoda akimenya, akanicheka jinsi ninavyozishika ndizi kana kwamba zina moto. Akasema bibi yake alikuwa akikamua huku anaimba, na kwamba akifumba macho harufu hii inamrudisha uani kwao. Nikamuuliza kama rangi ya maji iko sawa. Akasema iko sawa.

Nimejaza nusu ya mtungi tu, kidogo kidogo ndiyo mtu anajifunza, na povu linahitaji nafasi. Valvu nimeipanga iachie presha ikifika alama ya pili kwenye geji.

"Njoo ukae kidogo," akaniambia nilipokuwa nakaza mfuniko.

"Ngoja nimalize huu mtungi kwanza."

Nilipomaliza alikuwa ameshaingia ndani.

Machi 10

Alama ya kwanza. Valvu bado kimya, ni sawa. Mvua.

Machi 12

Leo ningeweza kuua watu.

Asubuhi kabla ya kwenda kazini nimeingia stoo, nikakuta mshale wa geji umepita alama ya nne na bado unapanda, macho yangu yanauona unavyopanda. Valvu iliyotakiwa kuachia presha tangu alama ya pili iko kimya kama imekufa. Nikajua hapohapo: makapi ya mtama. Povu limeyapandisha juu, yamekwama kwenye tundu. Mtungi wenyewe ni imara, lakini mpira wa mfuniko ni wa zamani, na ukuta wa stoo ndio ukuta wa chumba tunacholala. Kemilembe alikuwa amelala upande wa pili, tumbo lake na mtungi wangu vimetenganishwa na tofali moja.

"Toka nje! Nenda kwa Osward! Usiulize!"

Alitoka na kanga moja, kwenye mvua. Nikaloweka gunia, nikaufunika mtungi, nikalala kifudifudi nikanyosha mkono kukivuta kipete cha kuachia presha kwa mkono kilicho kwenye mfuniko. Mara ya kwanza hakikusogea. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viganja. Mara ya pili kikalegea, gesi ikaanza kulia, kisha povu likafuata, likarusha gunia, likapiga dari, likanipiga mimi. Dakika nzima mtungi ulitapika. Mwisho kikabaki kikombe kimoja cha pombe chini, na mimi sakafuni nimelowa povu.

Kemilembe alikuwa amesimama getini. "Umeumia?"

"Yote imekwisha," nikasema. "Haikubaki hata ya kuonja."

Machi 13

Nimefuta dari. Mtama umeganda kama rangi.

Machi 22

Mara ya pili, na safari hii nina adabu. Maji ya ndizi nimeyachuja kwa kitambaa mara tatu. Mtama nimeufunga kwenye mfuko wa nguo, ukae kama majani ya chai, nisione kapi hata moja. Valvu nimeifungua, nimeiosha, nimeipuliza. Pombe imechacha chini ya presha, valvu imeimba taratibu usiku na mchana, mshale umesimama pale nilipoupanga.

Leo nimeihamisha kutoka juu ya mashapo yake, na hapa ndipo hewa huingia kama hukujipanga. Nimejaza mtungi wa pili maji yaliyochemshwa mpaka juu kabisa. Nikayasukuma maji yote nje kwa gesi ya pombe yenyewe, niliyoikusanya kwenye mtungi wa tatu, ndani ikabaki gesi tupu. Ndipo nikaunganisha mitungi kwa mrija wa mpira, na pombe ikatembea kutoka mmoja kwenda mwingine bila kuliona jua. Kisha nikautia ndani ya friza, nililolipunguza baridi ili pombe isigande.

Osward akaja kuonja. Nikamvutia glasi ndogo. Akainusa, akanywa, akanywa tena.

"Ya siku ya pili," akasema. "Imesimama palepale kwenye siku ya pili. Umeifanyaje?"

Nilitaka kumkumbatia Kemilembe lakini alikuwa kliniki. Kumbe leo ilikuwa siku yake ya kliniki.

Machi 30, Jumapili

Osward ameonja tena. Bado ni ya siku ya pili. Mzee na aje hata leo! Naimba kazini mpaka wateja wananiuliza kama nimepata mtoto.

Aprili 3

Hakuja mzee, amekuja Shangazi Angela, peke yake, na mizigo ya kukaa. Ametumwa kutazama nyumba. Kwa Wahaya shangazi wa binti ana sauti kubwa katika mambo haya. Atakachomwambia kaka yake ndicho kitakachoaminiwa.

Kwangu mimi Msukuma hili ni gumu kuliko wanavyofikiri. Nilivyolelewa kwetu Magu, mwanamke wa upande wa mama mkwe humkaribii. Humtazami usoni, huli naye, akiingia mlango huu unatokea ule. Mama yake Kemilembe ameshafariki, kwa hiyo heshima yote ya mama mkwe imehamia kwa shangazi huyu, na nyumba ni ya vyumba viwili na stoo. Leo nimekula chakula cha jioni nyuma ya banda la kuku. Akipita barazani nageukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.

Kemilembe anasema shangazi ameniona mtu wa ajabu.

Aprili 5

Mvua kutwa. Nimeingia stoo shangazi alipokuwa amelala. Friza liko sawa. Geji sikuitazama, nilisikia anakohoa nikatoka.

Aprili 10

Geji inasoma sifuri.

Nilidhani inavuja. Nikapaka povu la sabuni kila kiungo, mfuniko, valvu, shingo. Hakuna hata kitone kilichotoa kipovu. Mtungi hauvuji. Mtungi umefunguliwa. Nikavuta glasi: rangi imekuwa ya chai iliyolala, na harufu ile ya ndizi mbivu haipo. Osward alionja akatema kwenye maua.

"Katoni iliyolowa," akasema. "Hii imepigwa na hewa, tena siyo mara moja."

Nyumbani kuna wanawake wawili. Shangazi hata mawazo yangu yalimpisha njia, sikuthubutu kumfikiria. Akabaki mmoja. Na nilipomfikiria huyo mmoja, nikakumbuka ukimya wake wote wa mwezi huu, anavyokaa na simu akiongea Kihaya taratibu, anavyonijibu neno moja moja, na moyo wangu ukajaa ubaya. Shangazi alikuwa ametoka kwenda sokoni. Nikamkuta Kemilembe jikoni anakata mchicha.

"Nani amefungua mtungi?"

"Sijui."

"Hujui. Mtungi uko stoo, funguo iko msumarini, na wewe hujui. Kama unataka kurudi kwenu, sema. Usiniharibie kazi kichinichini."

Akaweka kisu chini. Hakupandisha sauti, ningependa angepandisha.

"Miaka sita nimekaa kwenye nyumba hii bila pombe ya mtu yeyote," akasema. "Dada zangu wameolewa, sikualikwa. Mama alipofariki nilikaa nyuma msibani kwake, na majirani, kwa sababu nilikuwa mtoto aliyetoroka. Ningetaka kuondoka, Nkwabi, ningesubiri ndizi zako?"

Maneno hayo yalinichoma. Nilikuwa na kichwa kimoto, sikukubali kuchomwa. Nikatoka nikaenda Igoma bila kuaga. Niliporudi jioni mto wake haukuwepo kitandani. Amehamia kwa shangazi.

Aprili 11

Hatuongei.

Aprili 15

Kirumba hakuna ndizi za pombe. Nimekwenda jana na leo. Mzee akishuka melini sasa hivi atakuta mitungi mitatu mitupu na mke asiyenisemesha. Kila simu ya Shangazi ikilia ndani, mimi natoka jasho nje.

Siku hizi namtazama Kemilembe kama mtu anayemtazama mgeni, nikitafuta dalili. Jana alikuwa anakunja vinguo vidogo vya mtoto na kuvipanga kwenye begi. Begi, siyo kabati. Nikaliona hilo nikalimeza.

Aprili 20, Pasaka

Ndizi zimeingia! Sikwenda kanisani, Mungu anisamehe, nimekamua peke yangu kuanzia alfajiri. Hakuna aliyekaa kwenye kigoda. Nilijikuta nanyamaza kusikiliza kama kuna mtu anayecheka.

Maji ni mazuri. Nimefunga mtungi na kuuzungushia waya wa kufuli, halafu nikaona aibu, nikautoa waya.

Aprili 28

Pombe imekubali. Jana niliihamisha kwenye mtungi wa friza kwa njia ileile ya maji na gesi. Osward ameipa siku ya pili, tena akaongeza kwamba hii imeipita ile ya kwanza. Halafu leo asubuhi.

Mvua ilikuwa inanyesha ya kutulia. Nilikuwa chini ya upenu wa stoo nikifunga mfereji wa bati uliolegea. Kemilembe alikuwa hatua chache kutoka nilipo, beseni mkononi, akitafuta kamba iliyo kavu ya kuanikia. Hatukuwa tumesalimiana. Ndipo ndani ya stoo nikasikia: tsssss.

Nikamtazama Kemilembe. Naye akanitazama. Beseni lake lilikuwa mkononi, mimi nilikuwa mbele yake, na humo ndani kuna mtu anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, huku gesi yangu inatoka.

Naujua mtungi ule kama kiganja changu. Presha ikiwemo, mfuniko haufunguki. Lazima kwanza uvute kile kipete, gesi iishe. Gesi ikitoka yenyewe hakuna ubaya, inatoka tu, hewa haiingii. Ubaya ni hatua ya pili. Mlio ulikuwa unapungua. Ukinyamaza kabisa, mfuniko utafunguka, na ndizi nyingine sijui zitapatikana lini.

"Mwambie," nikanong'ona.

"Nimwambie nini?"

"Aache! Asifungue!"

"Kwani si mimi ninayefungua?" akasema Kemilembe. Akaweka beseni chini, akasimama palepale.

Sijawahi kusema neno na mama mkwe maishani mwangu. Baba yangu alikufa bila kumsemesha mama mkwe wake. Nikaupa mlango mgongo. Chini ya upenu palikuwa na kuku mmoja amejikunyata, nikamwangalia huyo.

"Wewe kuku," nikasema kwa nguvu. "Nisikilize. Pombe iliyo humo stoo ikifunguliwa inakufa. Hewa ndiyo inayoiua. Mfuniko usiguswe, kuku wangu, nakuomba, usiguswe!"

Wimbo ukakatika. Mlio wa gesi nao ukakatika. Nikasikia mvua tu.

"Kuku," sauti ya Shangazi ikatoka ndani, "mwenzako hana hata salamu?"

"Kuku, mpelekee shikamoo yangu."

"Marahaba. Sasa mwambie kwetu pombe ya ukweni hufunuliwa kila asubuhi ikatazamwa imeamkaje. Mwenye nyumba akisahau, mgeni wa heshima anamsaidia. Tangu nimefika ile nyingine nilikuwa naifungua kila siku ya Mungu. Naifungua, naiangalia, naifunika. Nilidhani nyumba hii haina mtu wa kuijali."

"Kuku, mwambie ile nyingine ilikufa."

"Ilikufa kwa mkono wangu?"

"Kwa hewa," nikasema. "Mwambie ni kwa hewa."

"Basi hii mfuniko sijaugusa. Nimeutoa upepo tu." Nikasikia friza linafungwa, taratibu, kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa. "Kuku, mwenzako anipishe nipite."

Nikageukia ukuta. Alipita nyuma yangu akinukia mafuta ya nazi. Alipofika mlango wa jikoni nilimsikia akicheka peke yake.

Nikageuka kwa Kemilembe. Nilidhani tutacheka wote, mambo yaishe. Alikuwa ananitazama tu.

"Nilikukosea," nikasema.

"Nimesikia."

Akaokota beseni. Nilitaka kuongeza neno, lilikuwepo, lakini nilihitaji kujua geji inasomaje, nikakimbilia ndani. Ilisoma chini kidogo ya alama ya kwanza. Nikaongeza gesi kutoka mtungi wa tatu. Pombe imepona.

Mei 6

Umeme umekatika tangu juzi. Nabeba barafu ya samaki kutoka mwaloni, soko la samaki la ziwani, nalizungushia friza magunia, natembea nyumbani na kipimajoto mfukoni. Pombe ikipata joto itaanza kuchacha upya na mzee ataikuta kali.

Kemilembe amerudisha mto wake chumbani. Hakusema kitu. Analala ameelekea ukutani. Nilikuwa macho nikihesabu ni barafu kiasi gani itanifikisha asubuhi.

Mei 7

Umeme umerudi. Pombe iko sawa.

Mei 12

Mzee alikuwa apande meli jana, ziwa limechafuka, ameahirisha. Shangazi ndiye aliyeniambia, kwa kupitia kuku.

Begi la vinguo vya mtoto limejaa na limefungwa. Liko nyuma ya mlango. Nikitoka naliona, nikiingia naliona.

Mei 17, Jumamosi

Amefika. Bila simu, bila ujumbe, bodaboda imemshusha getini na fimbo yake na mfuko wa kahawa. Mwembamba, mrefu, suti ya kijivu iliyopigwa pasi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Hakunipa mkono. "Pombe ipo?"

"Ipo, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Alicheka kwa pua. Akataka kuiona. Nilimfungulia friza, akatazama mtungi, mipira, geji, valvu.

"Hii ni pombe au gesi ya kupikia?"

Kemilembe alipiga magoti kumsalimia, kwa shida, tumbo limemkataa. Mzee alimwekea mkono kichwani na kuuacha pale muda mrefu. Nimewaangalia nikaona jinsi wanavyofanana kidevu. Kesho mchana atakaa kitini. Osward amekwenda kutafuta kibuyu, maana mzee hanywi ya ukweni kwenye glasi.

Mei 18, Jumapili

Naandika kwa sababu sitaki kusahau hata kipande.

Alikaa mzee, kushoto kwake Shangazi, mbele yao Osward kama mshenga wangu na kaka yangu Mhoja aliyetoka Magu. Mimi nilikuwa mlangoni, na mtungi. Kemilembe alikuwa kwenye mkeka karibu na baba yake, na pembeni yake lile begi. Asubuhi lilikuwa bado nyuma ya mlango.

Osward alisema maneno yote ya kuomba radhi, ya miaka sita, vizuri kuliko nilivyostahili. Mzee akanyosha mkono. Nikaingiza mpira mpaka chini ya kibuyu, nikafungua taratibu ili isirukeruke, ikajaa ya dhahabu, povu jeupe mdomoni. Harufu ikatembea sebuleni. Nilimwona mzee akiinua pua, akasahau kujificha. Ilikuwa harufu ya kwao. Nikajua nimeshinda. Wiki zote hizi, ulimi wa huyu mzee ndio ulikuwa ukininyima usingizi, na nimeshinda.

Alinusa. Hakunywa. Akamgeukia binti yake.

"Kemilembe. Nikiinywa hii, hairudi. Ukipata tabu hapa sitaki kuisikia, utakuwa umekaa mwenyewe. Nisipoinywa, begi lako hilo, kesho tunaondoka, na hakuna atakayekuuliza. Mimi nimekuja kuuliza wewe. Ninywe?"

Nilijiandaa kwa ulimi wa mzee. Kwa wa Kemilembe sikujiandaa kabisa.

Hakujibu. Alitazama mikono yake. Nje kuku walikuwa wanaparua, Mhoja akakohoa. Povu la kibuyu likaanza kushuka. Hewa ilikuwa inaingia mle, ninajua inavyoingia na inavyofanya, na kwa mara ya kwanza msimu huu sikuijali hata kidogo. Iingie. Ife yote. Nilikuwa namtazama mke wangu na kujiuliza ni lini mara ya mwisho nilimtazama hivi, nikakosa jibu, na macho yakaniwasha mbele za watu.

Akanyosha mkono kwa baba yake. "Nipe."

Shangazi alishtuka, binti hatangulii baba. Mzee akampa. Kemilembe akanywa mafunda mawili, kwa utulivu, akafuta mdomo kwa upande wa kanga.

"Ni nzuri," akasema. "Ni kama ya bibi. Ameitunza vizuri, baba, sijaona mtu anatunza kitu hivi. Haipati joto, haiguswi na hewa, kila asubuhi anaiuliza imeamkaje." Hakunitazama. "Ameitunza kuliko alivyonitunza mimi."

Osward alitazama sakafu.

"Kwa hiyo nisinywe," mzee akasema.

"Kunywa, baba. Nakaa. Nilitaka tu ayasikie mbele yako."

Mzee alinitazama. Ndiyo mara ya kwanza amenitazama machoni, na sikuweza kugeukia ukuta wowote. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Akanywa. Akanywa bila haraka mpaka kibuyu kikaelekea darini, na Shangazi akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Ilemela yote. Wakanywa wote. Mtungi wote umekwisha, na hakuna aliyezungumzia presha wala gesi. Walizungumza habari za kahawa na za jina la mtoto.

Walipotawanyika na mzee akalala kwenye kochi, nilimkuta Kemilembe nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, amenyosha miguu. Amevaa ndala zangu. Nikaona kwa nini. Miguu ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani.

Nikachuchumaa. "Miguu inakuuma?"

"Tangu Machi," akasema.

Nikainuka kwenda kubandika maji ya kumkanda.